Boga na Ua Lake

Ukipenda boga, upende na ua lake. Methali hii sote tumeisikia. Huambiwa mwanamume anayeoa mke mwenye mtoto, huambiwa mwali anayemtaka mume na kuwakimbia mawifi, na siku hizi huambiwa hata mwanasiasa anayezitaka kura za watu ilhali watu wenyewe hawataki. Katika kisiwa hiki cha Pemba, kilichowalea Kamange na Sarahani, mtu hufundishwa mapema kwamba maneno yana la nje na la ndani, na kwamba mwerevu ni yule alipataye la ndani. Basi nami kwa miaka mingi nililishika la ndani la methali hii, la nje nikaliacha. Sikupata kujiuliza kwa nini aliyeitunga alitaja boga, asitaje embe wala komamanga. Jawabu nilikuja kuipata kwa hasara, na hasara hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba katika wilaya ya Wete, kwenye mteremko wenye mikarafuu unaoshuka hadi bonde la mpunga. Pale mteremko unapokutana na bonde, ambapo udongo mwekundu huchanganyika na mweusi na unyevu hukawia kuondoka, alikuwa akipanda maboga kila mwaka. Hayakuwa mengi, mashimo 12, au 15 akiwa na nguvu. Mbegu alizianika kivulini, akazichanganya na jivu, akazitia katika kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la muhindi, na kibuyu akakitundika jikoni, juu ya mafiga, moshi ukipitie. Mama yangu alikikuta kibuyu kile hapo hapo alipozaliwa. Aliyekitundika kwanza hatumjui.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya maboga hayo ni ya mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka minane. Miaka ile ya mwanzo ya 1970 chakula cha kutoka nje kilikuwa kimepungua Visiwani, na foleni ya mchele tuliijua watoto kwa wakubwa. Mwezi wa Ramadhani mwaka huo uliandama katikati ya Septemba. Nakumbuka sufuria moja kubwa, maboga yamepikwa kwa tui zito, hiliki na sukari kidogo iliyopatikana kwa taabu, na bibi akitupakulia kila mtu kipande kimoja, ganda chini na nyama juu, akisema, "Kuleni wanangu, hili halina foleni." Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na uliofuata tena. Kwa hiyo katika akili yangu ya kitoto vitu viwili hivi vikaungana: boga na Ramadhani. Nikadhani ni pacha, kimoja hakiji bila ya mwenziwe. Ilinichukua miaka karibu 50 kutambua kwamba hawakuwa pacha, bali wasafiri wawili waliokutana njiani kwa muda mfupi, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Boga si mzaliwa wa kwetu. Asili yake ni bara la Amerika, na halikuvuka bahari kuja huku ila baada ya mwaka 1492. Lakini limekwisha kuwa mwenyeji hata likaingia katika methali. Nayo maboga yana koo mbalimbali. Zipo zinazopenda nchi za ubaridi, ambazo ukizileta katika jua letu majani hujikunja na shina likafa mapema. Na upo ukoo huu wetu, ambao wataalamu wa mimea huuita Cucurbita moschata, unaostahimili joto na unyevunyevu kuliko ndugu zake. Anayetaka kuutambua na aangalie kikonyo: ni kigumu, kina mifuo, na pale kinapolishika boga kimepanuka kama unyayo wa mtu aliyekanyaga tope. Majani yake aghlabu yana madoa ya rangi ya fedha, wageni wakayadhania ugonjwa.

Mtu akiambiwa kwamba boga hili ni la kustahimili joto, hudhani basi wakati wowote ni wakati wake. Hapo ndipo nilipopotea mimi. Kinachostahimili joto ni shina na majani. Ua halistahimili.

Mboga, yaani mmea wenyewe, hutoa maua ya namna mbili juu ya shina moja. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, na ndilo linalotangulia. Ua jike hufuata baada ya siku kadhaa, nalo hulijui kwa rangi bali kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, mfano wa tumbo la mja mzito. Yote mawili hufunguka alfajiri, na jua linapokaza, saa nne au saa tano za asubuhi, huwa yamekwisha kufumba, na ua lililofumba halifumbui tena. Katika saa hizo chache, chavua ya dume ni lazima ifike kwa jike. Nayo ni nzito, inanata. Upepo hauwezi kuichukua. Mchukuzi wake ni nyuki. Nyuki asipofika, kiboga kile hugeuka manjano, kikasinyaa, kikadondoka.

Joto likizidi mchana, na usiku usipopoa, mmea hutoa maua dume kwa mamia na majike machache, na hayo machache huanguka yangali matumba. Chavua nayo hupoteza nguvu zake. Mvua ikizidi, ua hujaa maji kama kikombe, chavua hupasuka, na nyuki hakai nje. Kwa hiyo adui wa boga kwetu ni wawili, na wote wawili wana majina na miezi yao: kaskazi, yaani Disemba hadi mwanzo wa Machi, ambapo jua huunguza, na masika, Machi hadi Mei, ambapo mbingu hufunguka. Anayepanda kwa mvua za kwanza za masika atakula majani ya maboga mpaka achoke, maana majani hayana shida na mvua. Boga lenyewe atalisikia kwa jirani.

Bibi hakujua jina la chavua, lakini alijua kila nililolieleza hapa. Alfajiri baada ya kuswali alikuwa akishuka bondeni na kuchuma ua dume, akilinyofoa petali zake, na kuligusisha katika ua jike, moja baada ya jingine. Kazi hiyo aliiita kuoza, kama mzee anavyomwoza binti yake. Na alikuwa na msemo wake: "Ua usipolioza, litaoza." Tulikuwa tukicheka. Tulilicheka neno, hatukulisikiliza.

Lililonipita zaidi lilikuwa hesabu yake ya wakati. Watu wa mwambao tunaishi na kalenda tatu. Ipo ya Kizungu, ya mishahara na shule. Ipo ya mwezi mwandamo, ya saumu na sikukuu, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hata ikauzunguka mwaka mzima wa jua kwa miaka kama 33. Na ipo ya Nairuzi, ya wakulima na mabaharia, ambayo inaanza kwa siku ya kuoga mwaka na kuhesabiwa kwa miongo, siku 10 kwa siku 10, mpaka zitimie 365. Bibi aliikuta kwa mama yake kanuni ya Nairuzi: boga hupandwa ikitimia siku ya 320, ili Nairuzi inapoingia boga liwe na ua.

Siku 45 kabla ya Nairuzi. Angalia, msomaji, kanuni hiyo inachosema na inachonyamazia. Haisemi lolote juu ya siku ya kuvuna, wala ya soko, wala ya futari. Inahesabu siku ya ua. Nairuzi huingia katikati ya kipupwe, majira ya ubaridi, mvua kubwa zimekwisha, upepo wa kusi unavuma, usiku mtu hujifunika. Huo ndio wakati pekee katika mwaka wetu ambapo ua la boga hufunguka asubuhi bila ya kuungua wala kuzama.

Lakini Nairuzi nayo ina ila yake. Siku zake ni 365 kamili, haina mwaka mrefu wa siku 366, kwa hiyo kila miaka minne huanguka nyuma siku moja. Si kitu kwa mwaka mmoja, lakini katika umri wa mtu ni kitu. Leo huingia katikati ya Julai. Bibi alipokuwa mwali, ilikuwa ikiingia mwanzoni mwa Agosti. Anayeishika kanuni ile kwa hesabu tupu, leo atapanda mwanzoni mwa Juni, mahali ambapo mama yake bibi alipanda karibu na tarehe 20. Siku 20 hizo ni masika yaliyokawia kuondoka na mbegu kuozea shimoni. Bibi alikwisha kuligundua hilo bila ya karatasi wala kalamu. Katika uzee wake alikuwa akisema, "Nairuzi inatukimbia," na badala ya kuhesabu siku alikuwa akiutazama mpunga bondeni. Mashuke yakianza kuinama kwa uzito, huteremka na mbegu zake. Mpunga haukimbii, maana unafuata mvua ile ile.

Alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka karibu 90. Kibuyu kikawa changu.

Mwaka 2022, nilipopata faragha ya kurudi shamba, nikatia nia ya kupanda. Nikaitazama kalenda: Ramadhani ingeandama karibu na tarehe 23 Machi 2023. Boga letu huchukua siku 110 hivi tangu kupandwa hadi kukatwa. Nikahesabu kurudi nyuma, nikaangukia mwanzoni mwa Disemba. Nilijiona msomi. Nikamimina kibuyu chote, mbegu 40 na ushei, nikazipanda zote, sikubakisha hata moja, kwa kuwa moyoni nilikwisha kuyaona maboga juu ya siniya ya futari.

Vuli ya mwaka huo ilikuwa haba. Nilimwagilia maji kwa ndoo, asubuhi na jioni, na wallahi miche iliota ikatambaa vizuri. Kufika katikati ya Januari bonde lilikuwa manjano kwa maua. Watu waliopita njiani walinisifu. Wote walikuwa wakiyasifu madume. Majike yalipokuja, yalikuja machache, na kila siku nilikuta viboga vimeanguka chini, vidogo kama ncha ya kidole, vimegeuka rangi. Nikakumbuka kuoza, nikaamka alfajiri nikaoza nilivyoweza, lakini ilikuwa kama kuoza maiti. Hata usiku wa manane ukuta wa nyumba ulikuwa bado una joto la mchana. Kwa mashina 30 na zaidi nilipata boga moja, dogo, na nilipolipasua mbegu zake zilikuwa mapepe, kama mpunga usio na chenga ndani.

Nilikaa juu ya jiwe na boga lile mkononi. Kilichoniuma haikuwa futari. Maboga yanauzwa sokoni Chake Chake na Wete, wala hakuna aliyelala na njaa kwa ajili yangu. Kilichoniuma ni kwamba kitu kilichopita katika mikono ya wanawake wa nyumba yetu, mmoja hadi mwingine, katika miaka ya shibe na miaka ya foleni, kilifika kwangu mimi niliyesoma kuliko wote, nikakimaliza kwa msimu mmoja.

Sikumweleza mtu mpaka Ramadhani yenyewe ilipoingia. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima wa marika ya mama yangu, alituletea bakuli la futari. Nilipofunua, lilikuwa boga la nazi. Nikaonja, nikaacha kula. Kesho yake nikaenda kwake.

"Shikamoo mama. Lile boga ulilitoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ni la Oktoba, limelala darini. Mbegu ni za bibi yako. Alikuwa akinipa kila mwaka, konzi moja moja, nami mwaka wangu ukiharibika huenda kwake. Hukujua?"

Sikujua. Nikamweleza yote, hata la kumimina kibuyu. Hakucheka wala hakunilaumu. Aliingia ndani, akatoka na mbegu 11 ndani ya kitambaa. "Mbegu mwanangu haiwekwi nyumba moja," akasema. "Na kaa usubiri mpunga uiname."

Nikasubiri. Masika ya mwaka 2023 yalipokwisha, nilipita bondeni kila baada ya siku mbili kutazama mashuke. Wiki ya pili ya Juni yakaanza kuinama. Nikachimba mashimo, nikatia samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikapanda mbegu saba na kuziweka nne. Rasharasha za kusi ziliutosha mche, na bonde likautunzia unyevu wake. Mwishoni mwa Julai, siku chache baada ya Nairuzi, ua jike la kwanza likafunguka. Nilikuwapo. Ubaridi ulikuwa wa kuvaa shuka, umande umetanda, na nyuki watatu walikuwa ndani ya ua dume hata kabla sijafika, wamejipaka manjano mpaka migongoni. Kazi ya kuoza hawakuniachia kubwa. Kwa mashina saba, mwishoni mwa Septemba nilikata maboga 17.

Nikayakata kama alivyonielekeza jirani: kisu, wala si kuvuta kwa mkono, kikonyo kibakie urefu wa vidole vinne, maana boga lililovuliwa kikonyo huoza kwa mlango huo, ganda liwe limekauka kiasi cha ukucha kushindwa kulitoboa. Siku kadhaa juani ili ganda ligande, kisha darini penye hewa, moja lisimguse mwenziwe. Boga la ukoo huu lililoiva barabara hukaa miezi mitatu bila ya shida, na likitunzwa vizuri hukaa zaidi. Miezi ile ya mwisho ya 2023 ikaja na mvua nyingi za El Niño, hewa ikawa na majimaji, nikapoteza kadhaa. Mengine tulikula, mengine nikagawa. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Machi 2024, darini yalikuwa yamebaki matatu. Tukapika moja usiku wa kwanza.

Sasa nikiulizwa boga lipandwe lini Pemba, nina jawabu fupi, nalo ni la bibi, wala si langu. Usihesabu kutoka siku unayotaka kula. Hesabu kutoka siku ambayo ua litafunguka. Panda masika yanapoaga, mpunga unapoinama, ili ua likutane na kipupwe. Ukitaka majani tu, panda na masika. Na lau una haja ya boga la kaskazi, usikawie kama nilivyokawia: panda kwa mvua za kwanza za vuli, Oktoba, ili maua yatangulie joto kubwa, tandaza majani makavu kulinda udongo, nyweshea jioni, na uamke mwenyewe alfajiri kuoza. Utapata, lakini machache. Wala usitegemee neno "la kustahimili joto" lililoandikwa juu ya kopo la mbegu za dukani. Neno hilo limesemwa juu ya majani.

Ama Ramadhani, yenyewe inaendelea na safari yake. Imekwisha kuingia Februari, na itakuja Januari. Katika mwaka 2030 itaandama mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na maboga ya Septemba na Oktoba yataifikia bila ya kuchoka darini. Kisha itaendelea kurudi nyuma, Novemba, Oktoba, mpaka karibu na mwaka 2039 itaandama tena mwezi wa Septemba, kama mwaka ule wa 1974. Boga litakuwa limekatwa juzi, na mtoto fulani wa miaka minane atakula kipande chake na kudhani kwamba viwili hivi ni pacha. Simlaumu. Ila natamani awepo mtu wa kumwambia mapema.

Kibuyu nimekitundika tena mahali pake. Lakini safari hii mbegu zote hazimo. Konzi moja nimeirudisha kwa jirani, nyingine iko Konde kwa ndugu yangu, nyingine Kengeja kwa mwalimu mwenzangu, na wiki iliyopita mtu nisiyemjua alisimama njiani, akayatazama maua ya manjano bondeni, akaniuliza kama ninazo za kumpa. Nikampa, na nikamwonyesha ua jike liko wapi.